Almasi ya Rangi ya Chai

Iringa,
14 Novemba 1975

Baba mdogo Yotamu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama mdogo Damari. Mimi ni mzima isipokuwa mafua, na mafua ya Iringa mwezi huu hayamwachi mtu. Mama ameniandikia kwamba mvua zimeanza huko Mbalizi na kwamba umempelekea mbegu ya viazi kabla hajaomba. Ndaga fijo, asante sana, baba. Tangu ndugu yako Anyitike, baba yangu, afariki sijasikia mama akilalamika kukosa mbegu, na najua ni kwa sababu yako.

Kazi inaendelea. Huu ni mwaka wangu wa tatu kiwandani, na bado watu wa mjini wakisikia kwamba ninakata almasi wananitazama vidole, kana kwamba nimeficha moja chini ya kucha. Mwezi uliopita nilitoka kwenye mawe meupe, nikahamishiwa meza nyingine, ya mwisho kabisa, karibu na dirisha. Hapo tunasugua mawe ya kahawia. Wenzangu wanayaita matope. Mawe meupe hubaki kwa mafundi waliozoea. Haya yetu ni ya kufundishia wageni wa kazi, na mengi husagwa yakawa unga wa kusugulia mengine. Lakini mwanga wa dirishani ni mzuri.

Nina swali la kifundi. Jiwe lenye rangi, ulikuwa unalitengenezea pete ya dhahabu ya namna gani? Nauliza kwa sababu zamani kila harusi ya Mbalizi ilikuwa na pete yako, na siku hizi mama akiniandikia habari za harusi hataji pete kabisa.

Msalimie kila anayeniuliza.

Mwanao,
Tupokigwe


Mbalizi,
21 Desemba 1975

Mwanangu Tupo,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku kumi kwa sababu mimi nilikaa shambani siku kumi. Wote ni wazima. Mama yako amepiga lipu ukuta wa nyuma kwa mikono yake mwenyewe na hataki kusaidiwa. Damari anaimba sauti ya pili katika kwaya ya Krismasi. Anafanya mazoezi jikoni, na sasa hata mimi nimeshakariri sauti ya pili. Viazi vimetoka vizuri. Kule mlimani kwa Wasafwa wanasema pareto imechanua mapema. Sukari hakuna, tunakunywa chai hivyohivyo. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume.

Umeuliza habari za dhahabu. Mkono wangu sasa umezoea jembe, mwanangu, na mambo ya zamani yana watu wake.

Nami nina swali. Hukuniambia kwa nini umehamishwa. Mtu hatolewi kwenye mawe meupe akapelekwa kwenye matope kwa ajili ya mwanga wa dirisha.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Ni mimi baba yako mdogo,
Yotamu


Iringa,
8 Februari 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ukuta na za dume. Mwambie mama mdogo nimemtumia kanga kwa mkono wa dereva wa basi anayelala Mbalizi. Asipoipata ndani ya wiki mbili aniandikie.

Sikiliza lililonipata. Haya mawe ya kahawia tunafundishwa kuyakata kama yale meupe, ila haraka haraka, tubakishe uzito mwingi kwa kuwa hayana thamani nyingine. Wiki tatu nilifanya hivyo, na kila jiwe lilitoka limekufa, kama maji ya dimbwi. Siku moja nikaanza kujiuliza: nani alisema jiwe la kahawia lisomwe kama jeupe? Jeupe linatupa mwanga nje. Hili linaushika kwanza, linaupa rangi, ndipo linautoa. Nikachukua jiwe moja lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Tumbo lake nililiteremsha zaidi, na nyuso za chini nikazisugua moja moja, nikilinyanyua kila mara kulitazama kwa lenzi. Nilipoteza karibu nusu ya uzito. Baba mdogo, hilo ni kosa kubwa kwetu. Mtu anaweza kufukuzwa.

Siku ya tano msimamizi wetu, Bwana Bartholomeo, akasimama nyuma yangu. Ni Mhehe wa Kalenga, mtu wa maneno machache.

"Nani amekuruhusu kula jiwe kiasi hicho?"

"Hakuna, bwana."

"Lete."

Akaenda nalo dirishani. Akaligeuza, akaligeuza tena. Kisha akaita, "Didas! Njoo uone." Didas ndiye fundi wetu mkubwa kuliko wote, aliyesomea Ulaya. Didas akatazama muda mrefu, akasema, "Hii ni chai. Chai ya Tukuyu isiyotiwa maziwa, na jua liko ndani ya kikombe."

Tangu siku hiyo hakuna anayeiita tope. Wanaiita almasi ya chai.

Wakubwa wanataka kuipeleka Maonyesho ya Saba Saba, Dar es Salaam, na wanataka iende ikiwa kwenye pete iliyotengenezwa na fundi wa hapahapa nchini. Masonara wawili wameikataa. Mmoja aliijaribu juu ya dhahabu ya njano akasema, "Mnaona? Inaonekana uchafu." Na kweli, ilionekana uchafu. Bwana Bartholomeo aliuliza kama kuna anayemjua fundi mwingine. Nikataja jina lako.

Njoo, baba mdogo. Au niandikie tu kwamba utakuja.

Mwanao,
Tupokigwe


Mbalizi,
30 Machi 1976

Mwanangu,

Marahaba. Wazima wote. Kanga imefika.

Nakupongeza kwa jiwe. Kwa pete tafuteni mtu mwingine. Usilitaje tena jina langu kwa wakubwa wako, litakuharibia.

Yotamu

Mimi Damari naongeza hapa chini, kwa kuwa ndimi ninayepeleka barua posta. Tupo, baba yako mdogo amekaa na barua yako wiki sita, anaitoa mfukoni anaisoma, anairudisha. Hajawasha jiko la dhahabu tangu mwaka wa sabini na tatu. Alitengeneza pete ya harusi ya binti wa hapa. Baada ya miezi michache ikawa nyeusi, na kidole cha bibi harusi kikawa kijani. Watu wakasema Yotamu ameiba dhahabu akaweka shaba. Hakusema kitu. Mimi mke wake nimeuliza mara ngapi, hasemi kitu. Zana zake zimo ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kila Jumamosi anazipaka mafuta. Usimwambie nimeandika haya.


Iringa,
11 Aprili 1976

Baba mdogo,

Shikamoo. Salamu kwa wote nyumbani. Leo sina habari nyingi za kuzungushia, nakwenda moja kwa moja.

Uliuliza kwa nini nilihamishwa na sikukujibu. Nitakujibu. Mwezi wa kumi nilipewa jiwe jeupe, safi, kubwa kuliko yote niliyowahi kushika. Almasi ina njia zake za ndani. Ukiisugua kwa njia yake inakubali, ukienda kinyume inakataa na kupata moto. Nilihisi inakataa. Nilijua. Lakini Didas alikuwa anapita na sikutaka anione nimekwama, nikakandamiza. Ufa ukaingia kutoka ukingoni hadi katikati. Jiwe lile lilikuwa limelala ardhini tangu dunia haijawa na watu, na mimi nimelivunja kwa kuona haya.

Walipouliza, nilisema ufa ulikuwamo tangu mwanzo. Hawakuniamini, lakini hawakuwa na uthibitisho, ndipo wakanipeleka meza ya mwisho. Kwa hiyo hata lile jiwe la chai lilipopendwa, sikuweza kulala vizuri. Juzi nilikwenda kwa Bwana Bartholomeo nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wangu. Akasema, "Nilikuwa najua. Nilikuwa nakungoja. Rudi kazini."

Sasa, baba mdogo. Mimi nimesema langu. Lako silijui, na sitakuuliza. Lakini wewe ndiye uliyemlea mtoto wa ndugu yako hadi akafika darasa la kumi na mbili, na mtu huyo siamini kwamba aliiba dhahabu ya harusi. Njoo utengeneze pete.

Tupokigwe


Mbalizi,
2 Mei 1976

Mwanangu Tupokigwe,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Barua yako niliisoma nimesimama pale posta, nikaisoma tena nikiwa nimekaa kwenye ngazi za posta mpaka karani akatoka kuniuliza kama kuna msiba.

Kwanza: Damari sijamkasirikia. Habari ya dhahabu ya harusi mimi sikukuandikia, na bahasha niliiona kabla haijaenda posta, imefunguliwa na kubandikwa upya kwa ugali.

Pili: dhahabu ile sikuiba. Niliipokea ikiwa imeshachanganywa. Mwenye dhahabu alikuwa ametapeliwa huko Chunya na hakuwa na nyingine, na harusi ilikuwa Jumamosi. Akaniomba nitengeneze hivyohivyo, binti na wakwe wasijue. Nikamwahidi. Ahadi haikuwa na tarehe ya kumalizika. Mtu huyo yuko hai na hata wewe sikuandikii jina lake. Kosa langu ni kwamba nilikubali kuweka alama yangu kwenye kitu nisichokiamini. Hilo ndilo limenifunga mikono, si maneno ya watu.

Tatu: masonara wenu ni wajinga. Samahani, lakini ni kweli. Jiwe la rangi hiyo juu ya dhahabu ya njano lazima lionekane uchafu, kwa sababu njano inapiga kelele na kahawia inaongea taratibu. Linataka dhahabu nyekundu. Na dhahabu inakuwa nyekundu kwa kitu kimoja tu, ambacho ni shaba. Umeona mwenyewe mzaha wa mambo haya? Miaka mitatu naitwa Yotamu wa shaba.

Basi nitakuja, kwa masharti mawili. Nitafanya kazi hapohapo kiwandani, mbele ya macho ya yeyote anayetaka kutazama. Na pete itakapowekwa kwenye maonyesho, pembeni yake iandikwe wazi: dhahabu sehemu tatu, shaba sehemu moja, na jina langu kamili. Safari hii nikichanganya nataka dunia nzima isome.

Nitapanda basi la Jumatatu, tarehe kumi na saba. Damari anasema nije na blanketi.

Baba yako mdogo,
Yotamu


Iringa,
20 Julai 1976

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Tangu uondoke hapa mwezi wa sita watu bado wanaigiza jinsi ulivyomfukuza meneja kwenye mlango wa karakana kwa sababu alikuwa anakuzibia mwanga. Mwanamke anayetuuzia maandazi anauliza yule mzee wa Mbeya atarudi lini. Na ile wiki uliyoyeyusha mchanganyiko mara nne ukiumwaga kila mara, ukisema "bado haijaona haya," kwa kuwa wekundu haukutosha, Didas ameandika sentensi hiyo kwa chaki juu ya meza yake.

Nimerudi kutoka Dar es Salaam jana. Nilikwenda, baba! Bwana Bartholomeo alisema aliyelikata ndiye atakayelieleza.

Kibanda chetu kilikuwa na mawe meupe kumi na mawili kwenye kitambaa cheusi, yamepangwa kama askari. Pete yako waliiweka pembeni, peke yake, na kadi yako. Asubuhi ya kwanza watu walipita wakatazama meupe, wakasema "aa, almasi," wakaenda zao kwenye matrekta. Nilianza kuogopa.

Saa nne akaja mama mmoja, muuguzi kutoka Songea, na mumewe. Akainama kwenye pete, hakuinuka. "Hili nalo ni almasi?"

"Ni almasi, mama."

"Mbona lina rangi?"

"Limezaliwa nayo."

Akaomba kuijaribu. Bwana Bartholomeo akakubali, akasimama karibu kama polisi. Yule mama akaivaa, akanyoosha mkono juani. Baba mdogo, ningependa uone. Dhahabu nyekundu ikaingia kwenye ngozi yake taratibu, na jiwe likawaka kutoka ndani, si kwa kumetameta, ni kama makaa yanapopulizwa. Mama akasema, "Zile nyeupe mtu unaona zimewekwa. Hii imeota kidoleni." Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mwingine akanyoosha mkono wake, na mwingine. Kufika mchana kulikuwa na foleni mpaka kwenye kibanda cha jirani, cha majembe, na mwenye majembe akalalamika.

Siku ya pili wakaja wanunuzi wa nje. Mmoja, Mtaliano mzee, aliikagua kwa lenzi yake muda mrefu. Akauliza kwa nini tumepoteza uzito mwingi vile. Nikamwambia kupitia kwa mkalimani, "Hatukuupoteza, tulinunua nao rangi." Akacheka, akauliza nani alilikata. Bwana Bartholomeo akanisukuma mbele kidogo kwa mkono. Mzee yule akavua kofia yake. Mimi, binti wa Anyitike wa Mbalizi, nimevuliwa kofia.

Wameagiza mawe mia mbili ya rangi ya chai, yakatwe vilevile. Mia mbili! Yaliyokuwa yanangoja kusagwa yametolewa ghalani. Wateja wengine watatu wameomba sampuli. Na kadi yako watu wameinakili. Niliona kijana mmoja sonara wa Dar akiandika "shaba sehemu moja" kwenye pakiti ya sigara.

Mwanao mwenye furaha,
Tupo


Mbalizi,
15 Septemba 1976

Mwanangu Tupo,

Marahaba. Mama yako amekwisha kuwasomea majirani wote barua yako na sasa anakwenda nayo kijiji cha pili. Karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta maneno. Magazeti yalifika hapa mwezi wa nane, na mtu alisoma habari za pete kwa sauti pale dukani, pamoja na jina langu na shaba yangu. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokuwa inakwisha, Mzee Mika akasimama. Unamjua Mika, mzee wa kanisa, anayekusanya sadaka. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Akasema, "Pete ya binti yangu ilikuwa nyeusi kwa sababu dhahabu niliyompa Yotamu haikuwa dhahabu. Aliniambia siku ileile. Nikamsihi anyamaze, akanyamaza, na mimi nikamwacha abebe jina la mwizi miaka mitatu. Nimesoma gazetini kwamba ameandika shaba yake mbele ya taifa. Mimi yangu sikuweza kuiandika hata mbele ya mke wangu."

Binti yake alikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza, karibu na Damari. Alitoka kwenye mstari. Nilidhani anakwenda kwa baba yake. Alikuja kwangu, Tupo, akapiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji, akasema, "Baba, shikamoo." Tangu ile siku ya pete hakuwahi kuniamkia. Mimi mwanaume mzima nilishindwa kusema marahaba. Damari alinisemea kutoka kwenye kwaya, kwa sauti, na watu wakaanza kucheka na kulia, na mchungaji akaona bora aanzishe wimbo.

Mika nimemsamehe. Tumekula pamoja. Hatujazoeana bado, lakini tumekula.

Sanduku limetoka chini ya kitanda.

Baba yako,
Yotamu


Iringa,
6 Februari 1977

Baba mdogo,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa, kazi imetubana. Nililia sana kwa barua yako. Nikampa Bwana Bartholomeo aisome, naye akairudia mara mbili.

Yale mawe mia mbili yamekwisha na yamekwenda. Sasa wameagiza mia tano, na barua kutoka Ujerumani inataka yenye wekundu kidogo, "kama konyaki," ambayo sijui ni nini. Didas anasema ni pombe. Meza ya mwisho haipo tena. Imekuwa chumba, chenye madirisha matatu, na juu ya mlango wameandika RANGI. Tuko tisa, na mimi ndiye msimamizi. Siku ya kwanza niliwaambia wote habari ya jiwe jeupe nililolivunja, kabla hawajaisikia kwa watu. Kisha nikawaambia: likikataa, acha, niite.

Kiwanda kimepata ruhusa ya mawe madogo kuuzwa hapa nchini, kwa mafundi wenye kibali. Nimeona orodha yao. Jina lako ni la kwanza, na sikuliweka mimi.

Tupokigwe


Mbalizi,
27 Februari 1977

Mwanangu Tupo,

Marahaba. Wote wazima. Kibali nimekipata, kina mhuri, na mawe madogo ya kwanza yamefika. Damari amekitundika ukutani nami nimemwambia akishushe kidogo ili kisomeke.

Nilitaka kukuandikia barua ndefu. Lakini asubuhi hii wamekuja bwana na bibi harusi watarajiwa kutoka Vwawa, na wazazi wa pande zote mbili. Wamesimama mlangoni, baba wa kijana akauliza kama hapa ndipo kwa fundi wa pete ya rangi ya chai. Nikasema ndipo. Nikawaonyesha dhahabu, nikawaonyesha shaba, nikazipima zote mbili mbele yao. Yule binti akatia jiwe kiganjani, akacheka peke yake.

Jiko limepata moto, mwanangu. Naweka kalamu chini.

Yotamu, fundi